Kutekwa kwa Bamba la Barabara ya Tamarack

Sogeeni, enyi mlio na viti na msio navyo, zimeni redio na watulizeni watoto, maana leo nasimulia habari za Lucius Pettway, mng'oa magego, simba mwenye miwani, mume wa Verlene, aliyetoka nyumbani kwake asubuhi moja ya Februari akiwa na beleshi na viatu vya mpira, akauvuka mpaka ambao hakuna mwanamume wa pande zile aliyewahi kuuvuka. Wafalme wameteka miji na wamesahaulika. Huyu aliteka bamba moja la zege, kubwa kiasi cha meza ya jikoni, na mtaa mzima haujaacha kulizungumza.

Tamarack iko mashariki ya Cleveland, huko Marekani, karibu na ziwa, na ziwa lile likikasirika hutapika theluji mpaka madirishani. Sheria ya mji yasema kila mwenye nyumba azoe theluji kwenye njia ya miguu iliyo mbele ya uwanja wake kabla ya adhuhuri. Yasema hivyo tu, wala haitaji popote lile bamba lililolala kati ya uwanja wa Pettway na uwanja wa jirani yake Kazimierz Dudek, nusu huku na nusu kule. Lucius alizoa mpaka kwenye ufa wa upande wake, akaikata theluji wima kama mtu anayekata keki ya harusi. Kaz naye alizoa mpaka kwenye ufa wa upande wake, akakata vilevile. Katikati kikabaki kilima, kilima kikawa barafu, na kila majira ya baridi mleta barua alikipanda kama mbuzi, akizilaani nyumba zote mbili bila ubaguzi.

Mnauliza uhasama ule ulitoka wapi. Ulitoka miaka kumi na miwili nyuma, siku ya kuhamia, Lucius, mtu mweusi katika mtaa wa weupe, alipokuwa uwanjani kwake amevaa fulana iliyochakaa, akifagia vumbi la maboksi. Kaz, mfua chuma mstaafu, mlinzi wa nyasi fupi, mzee wa mtaa kwa kujiteua mwenyewe, alifika mpakani akamuuliza anamfanyia nani kazi hapa. Lucius, mwenye shahada mbili ukutani na ya tatu bado ndani ya boksi, akajibu kwamba anajifanyia mwenyewe. Hawakusemeshana tena. Lakini shujaa wetu alilipiza kisasi kwa njia ya wasomi: aliipigia simu halmashauri, bila kutaja jina, kuhusu gari bovu la Kaz lililokuwa limekaa juu ya matofali, na halmashauri ikaja ikalikokota. Jioni ile alikula kwa hamu sana, na hakumwambia mtu, hata mkewe.

Huku nyuma ya nyumba, mahali ambapo majenerali hawakuwahi kutazama, Verlene na Halina Dudek, mke wa Kaz, walikuwa wakipitishiana sufuria juu ya ua miaka yote hiyo. Halina alileta maandazi ya kuchemsha yaliyojazwa viazi, Verlene akairudisha sufuria na sukuma wiki iliyopikwa kwa nyama ya moshi. Sufuria tupu haikuvuka ua ule kamwe.

Basi majira hayo Halina aliteleza jikoni kwake akavunjika nyonga, na siku ya kurudishwa nyumbani kutoka hospitali ikaangukia asubuhi ya theluji kubwa kuliko zote. Lucius alikuwa dirishani na kahawa yake. Alimwona Kaz akitoka, akizoa mabeleshi machache, kisha akikaa kwenye ngazi na mkono kifuani. Mzee alikaa hivyo muda mrefu. Halafu akaingia ndani, na beleshi lake likabaki limelala thelujini kama askari aliyeachwa nyuma.

Verlene akaitisha baraza la vita, yeye na mumewe, kando ya jiko.

"Gari la hospitali linakuja saa sita," alisema. "Haliingii ndani ya viwanja vya watu. Litasimama barabarani, palepale penye bamba lenu. Na Halina anatembea kwa kushika fremu ya kutembelea. Sasa niambie, Lucius, atapitaje?"

"Mpaka wangu unaishia kwenye ufa."

"Sawa. Basi akianguka nitamwambia aangukie upande wa Kaz."

Lucius akaweka kikombe chini. Msidhani aliiogopa theluji, maana mikono yake ilikwisha kung'oa meno ya watu wenye shingo nene kuliko fahali. Aliogopa kuonekana na kofia ya koti kichwani, akichimba mlangoni pa mtu mwingine, katika mtaa ambao kila kengele ya mlango ina jicho la kamera na kila jicho lina simu. Na zaidi ya hayo aliogopa kwamba Kaz angefungua mlango na kumuuliza lile swali tena. Hilo lilimuuma kabla hata halijatokea.

Akatoka hata hivyo. Akasimama kwenye ufa, akalitazama beleshi lake, akavuta pumzi ya mtu anayeaga jamaa, akapiga. Barafu ikalia. Akapiga tena, na tena, na vipande vikaruka kama meno ya jitu, na bamba ambalo jua lilikuwa halijaligusa wakati wa baridi hata mara moja likaanza kuonyesha uso wake wa kijivu. Alipolimaliza hakurudi. Aliingia nchi ya Dudek, akaisafisha njia ya miguu, akapanda mpaka kwenye ngazi, mvuke ukimtoka puani kama farasi wa sultani.

Hapo simu ikatetemeka mfukoni. Ulikuwa ujumbe kwenye kundi la mtaa, kutoka kwa Paige Lindqvist wa nyumba ya mkabala, mwanamke mwema, ambaye uwanjani kwake kuna ubao unaowakaribisha watu wa kila rangi kwa lugha nyingi, ingawa siku hiyo theluji ilikuwa imeufunika mpaka shingoni. Aliandika kwamba kuna mtu anazoa theluji kwa kina Dudek, anaonekana mchapakazi kweli, na je, kuna anayejua bei yake na kama Jumamosi ana nafasi?

Lucius aliusoma akiwa amesimama mkabala na dirisha la Paige mwenyewe. Kabla hajajua acheke au atupe beleshi, jibu la Verlene likaingia: "Huyo ni Dokta Pettway, Paige. Wiki iliyopita mikono yake ilikuwa mdomoni mwako."

Kisha mlango wa mkabala ukafunguka na Paige akavuka barabara na kikombe cha chokoleti ya moto, akatoa hotuba ndefu kuhusu miwani yake, kuhusu ile barakoa ambayo madaktari wa meno huvaa, kuhusu rafiki yake mweusi wa chuoni, na kuhusu jinsi alivyo na mengi ya kujifunza. Lucius alizoa ngazi tatu hotuba ikiendelea. Mwishowe akapokea kikombe, akamwambia Jumamosi hana nafasi, ila jino la nyuma lisiposafishwa vizuri watakutana mapema.

Ndipo mlango wa Dudek ukafunguka. Kaz alitoka amevaa koti juu ya pajama, amekumbatia mfuko wa ile chumvi ya kuyeyushia barafu. Alizitazama ngazi. Aliitazama njia, akalitazama bamba, likiwa wazi kutoka ufa hadi ufa. Lucius akakaza mikono kwenye beleshi, akangoja swali.

"Siku ile nilikuuliza unamfanyia nani kazi," alisema Kaz.

"Nakumbuka."

"Nilikuwa nimeliona lori lako likishusha vitu tangu asubuhi. Nilijua nyumba ni yako." Akaushika vizuri mfuko wake. "Ndiyo maana niliuliza."

Miaka kumi na miwili Lucius alikuwa amejifariji kwamba mzee yule hakujua tu. Sasa hata faraja hiyo ilikuwa imechukuliwa, na iliuma, na papo hapo ilimpumzisha, kwa kuwa hatimaye jambo lilikuwa limeitwa kwa jina lake.

"Lile gari lako bovu, niliyewaita halmashauri ni mimi," alisema.

"Najua. Karani aliniambia mlalamikaji amesema linaharibu mandhari. Mtaani humu nani mwingine anatumia neno kama hilo?"

Kaz akashuka hadi kwenye bamba, akatia mkono ndani ya ule mfuko, akanyunyiza chumvi kwenye nusu ya upande wake. Akasita. Kisha akanyunyiza na nusu ya pili, na konzi moja ya chumvi ikaangukia ndani ya ardhi ya Pettway, wala hakuna aliyeifagia.

Gari la hospitali lilifika saa sita. Halina akashushwa, akaegemea fremu yake, akapita juu ya bamba kama malkia anayeingia mji wake. Akawaona wanaume wawili wamesimama bega kwa bega, akamgeukia Verlene akamuuliza nani amekufa.

Usiku ziwa likatapika tena. Asubuhi Lucius akatoka mapema, beleshi begani, akakuta bamba limekwisha kuzolewa lote, na Kaz amesimama juu yake, ameegemea beleshi, anahema.

Lucius akafika kwenye ufa, akamtazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Samahani, mzee," alisema. "Hapa unamfanyia nani kazi?"

Masikio ya Kaz yakawa mekundu kwa kitu kisichokuwa baridi.

"Kina Pettway," alisema. "Watu wagumu. Lakini sukuma yao nzuri."

Hivyo ndivyo Bamba la Tamarack lilivyotekwa, na lisipate mshindwa. Na vizazi vijavyo vijue ya kwamba mchana ule mleta barua alifika pale, akainua mguu kukipanda kilima, akakuta hakuna kilima, akasimama akitazama nyumba hii na nyumba ile, akakosa wa kumlaani, akaenda zake.