Kanali Jogoo na Wakili Mla Pai

Jumatatu, 4 Machi

Nimeitwa mahakamani! Eti jogoo wangu, Kanali, anawika kabla ya mapambazuko na kuvunja sheria ya mji. Nikishindwa, ataondolewa. Kanali! Tangu marehemu mke wangu aende zake, ndiye pekee anayeniamsha. Najua aliyenichongea. Jirani yangu Verna. Jana alinipungia mkono. Verna hapungii mtu bure.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata wakili, Bi Kowalczyk. Anasema siri zangu hatamwambia hata hakimu. Mh! Mtu hodari hivyo wa kuficha mambo, mimi ananificha nini? Akauliza kama Kanali huwika alfajiri. Nikakana. Akanitazama. Nikakiri. Akasema tufunge midomo, mzigo wa kuthibitisha ni wa mwendesha mashtaka. Nikaomba wale raia kumi na wawili wanaoamua kesi kwenye sinema. Kumbe kesi ya jogoo haiwapati.

Ijumaa, 8 Machi

Nimewafumania! Wakili wangu na Haskell, mwendesha mashtaka mwenyewe, mkahawani mkabala na mahakama. Wanagawana pai ya tufaha. Wanacheka!

Jioni wakili wangu akapiga simu. Haskell amekubali Kanali abaki, mradi usiku alale ndani ya gereji ya gari langu, asisikike. Nikamuuliza pai ilikuwaje. Akasema mawakili hubishana asubuhi na kula pamoja mchana, ndivyo kazi ilivyo. Kikulacho ki nguoni mwako! Nimemwachisha kazi. Nitajitetea mwenyewe.

Jumanne, 12 Machi

Mahakamani. Mlalamikaji hakutokea. Wala si Verna, ni bwana mmoja wa mtaa wa nyuma. Haskell akabaki hana shahidi. Hakimu akaniambia kwa upole kwamba silazimiki kusema lolote, naweza kukaa tu.

Mbona anataka ninyamaze? Naye kala pai?

Nikasimama. Nikamwita Verna, aliyekuwa amekaa nyuma na bakuli la tambi za jibini alilonipikia. Akaapishwa. Nikamtaka aseme kama amewahi kumsikia Kanali alfajiri.

"Merle, jirani yangu," akasema, "usiniulize hilo."

Nikamkumbusha kiapo.

"Kila siku, kabla hakujapambazuka. Ndiye anayeniamsha niende kazini. Nampenda mno."

Haskell akasema hana swali. Hakimu akashika kichwa. Akaamua: Kanali aondoke mjini.

Jumatano, 13 Machi

Kanali yuko shambani kwa kaka yake Verna. Verna ndiye aliyempeleka, akilia njia nzima. Machozi ya nini, kama hana lake jambo? Nyumba kimya. Nimeamka saa nne, nimeumia moyo.

Bi Kowalczyk kapiga simu. Eti rufaa bado ipo, na Haskell hana kinyongo, gereji bado inawezekana. Atanisaidia bure. Bure! Wakili! Nimemkatia simu.

Rufaa nitaikata mwenyewe. Nimeshajua nilipokosea: nilimuuliza Verna swali moja tu. Safari hii nitamuuliza yote.