Ombi la Kumshusha Raniya Hadi wa Kumi na Nne

Suud Hamzah Suud,
Wingwi, Pemba.
7 Julai, 2025.

Kwa Mwalimu Badriya,
Tuisheni ya Barazani.

YAH: MWANANGU RANIYA KUFAULISHWA KUPITA KIASI

Assalaam alaykum, Mwalimu.

Nakuamkia kwa heshima zote anazostahiki mtu anayekaa na watoto thelathini wa wenziwe kwenye joto la saa tisa mchana, na bado akarudi kwao akiwa na sauti.

Mimi ndiye baba yake Raniya, yule wa darasa la sita anayekaa mkeka wa mbele. Tulionana mara moja tu, siku niliyomleta kwako, Februari mwaka jana, nikakwambia kwa kinywa changu: msaidie kidogo. Neno "kidogo" nililitamka, na mke wangu Laila alikuwepo, ni shahidi. Leo nina malalamiko manne, na kwa kuwa wewe ni mtu wa hesabu nimeyatia nambari.

1. Raniya alipokuja kwako alikuwa wa arubaini na moja katika watoto hamsini na mbili. Sikuona aibu. Watoto kumi na mmoja walikuwa nyuma yake, na hao si haba. Skuli walimwandikia "ajitahidi", nami nikaona sawa, ajitahidi, afike wa thelathini hivi, tushukuru. Katika mtihani wa nusu mwaka huu amekuwa wa kwanza. Sikuombwa ruhusa. Amewapita wenziwe arubaini, na kila mmoja wao ana baba ninayekutana naye msikitini.

2. Wewe ni mtu wa hapahapa, kwa hiyo sina haja ya kukueleza kwamba mtoto hasifiwi hadharani. Akiwa mzuri tunasema hajambo hivyo hivyo, akiwa na nguvu tunasema anakohoakohoa. Basi ili kumkinga Raniya na jicho la watu, tangu siku ya kwanza nilitangaza kwamba anakwenda tuisheni kwa sababu kichwa chake ni kizito na sisi tumeshakata tamaa.

Nililisema vizuri mno. Bi Tatu, jirani yetu, alilia. Akaniletea mayai ya kuku wa kienyeji, akasema yanafungua akili. Shehe Ishak aliwazuia watu baada ya sala ya alasiri wakamsomea mtoto dua, nami niliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote, huku mfukoni nina karatasi ya jaribio lake, tisini na sita kwa mia.

Halafu matokeo yakabandikwa kwenye mlango wa skuli, kila mwenye macho akasoma. Nilitegemea watanikasirikia. Laiti wangenikasirikia! Walikaa wakashauriana, wakakata shauri kwamba aliyemfaulisha Raniya si wewe, na mayai hayakufanya kitu. Kilichomfaulisha ni ule ulimi wangu. Nilivyomponda ndivyo alivyofunguka.

Tangu hapo, Mwalimu, mji mzima unaponda watoto wake. Kwenye harusi ya bintiye Rajab, Bi Tatu alisimama mbele ya wageni akasema mjukuu wake Maher ukimtuma chumvi hurudi na mwavuli. Mama mmoja akaona amezidiwa, akasema wake ukimtuma harudi kabisa, hutafutwa. Bi Tatu akalichukua kwa uzito, na mpaka leo hawasalimiani. Wasiojua kusema wanakuja kwangu, maana wanaamini maneno yangu ndiyo yanayokubali. Jumapili iliyopita nimewatukana watoto tisa kabla ya chakula cha mchana, kwa ombi la wazazi wao. Maher mwenyewe alikuwa amekaa pembeni akisikiliza, na nilipomaliza akanivuta kanzu: "Ami, hujasema kama n'shindwa kuhesabu mbuzi." Nikamuongezea na mbuzi.

Tungeweza kuishi hivyo. Lakini akaja afisa mmoja wa elimu, akaita kikao, akawauliza wazazi hali ya watoto. Mwalimu, waliapa. Mmoja baada ya mmoja walisimama wakaapa kwamba hawajapata kuona watoto wajinga namna hii. Afisa wa watu aliandika kurasa nne, akafuta miwani mara mbili. Wiki iliyopita limeshushwa boksi la vitabu vya picha vya kujifunzia a, e, i, o, u, kwa ajili ya watoto wetu wa darasa la sita, pamoja na barua ya pole. Raniya amekisoma kimoja akaniambia ndani mna makosa mawili.

3. Sasa nyumbani. Msimu wa karafuu umeanza, na kila jioni tunakaa ukumbini kuchambua, karafuu huku, vijiti vyake, yaani makonyo, kule. Zamani kazi hii ilikuwa ya mazungumzo. Sasa Raniya anatupima. Kila mtu amepewa pishi yake ya karafuu na saa iko juu ya kabati, na ukipiga hadithi anaandika. Jumamosi alibandika matokeo kwenye mlango wa jiko. Wa kwanza ni mama yangu mzazi, ambaye anaona jicho moja. Wa pili Laila. Wa tatu ni Nihal, mdogo wake Raniya, ana miaka sita, na nusu ya muda alikuwa analia. Wa mwisho ni mimi, na mbele ya jina langu pameandikwa: "Ana uwezo, ila hajitumi. Mzazi aje skuli." Mzazi ni mama yangu, na amesema atakwenda.

4. Hili la nne nilikusudia nisiliandike.

Mtihani wa taifa wa darasa la sita ni katikati ya Novemba. Wewe ulimwambia Raniya, naye akaniambia mimi, kwamba watakaofanya vizuri sana wanaweza kuchaguliwa kwenda skuli ya bweni Unguja. Raniya ana miaka kumi na miwili. Kwa hiyo kazi yako yote, Mwalimu, ukiitazama kwa upande wangu, ni kumkatia mwanangu tiketi ya boti pale bandari ya Mkoani, na mimi nimsindikize nikiwa nimembebea godoro.

Kila nikirudi shamba hunikalia njiani na maswali. Mbona mkarafuu hauli na unakua? Nani aliyekwenda chini ya bahari akapima kina chake? Sijui, Mwalimu. Katika yote anayoniuliza sijui hata moja. Mimi humwambia kamuulize Mwalimu Badriya, naye huenda, na kesho yake hunikalia palepale akanifundisha. Nikifikiri kwamba nitapita njia ile na hapana mtu wa kuniuliza kitu nisichokijua, roho inaniuma. Naogopa. Nimeshaliandika na sitalifuta.

Kwa hayo yote, naomba Raniya ashushwe hadi nafasi ya kumi na nne. Nimeichagua baada ya kufikiri sana. Wa kumi na nne hahusudiwi wala haonewi huruma, na sijasikia hata siku moja wa kumi na nne amepandishwa boti. Ili kukurahisishia nimekuandalia ratiba. Jumatatu afundishwe vitu visivyokuja kwenye mtihani, kama namna ya kusuka ukili wa mikeka. Jumanne aambiwe saba mara nane ni hamsini na nne, na aambiwe kwa upole ili aamini. Jumatano apumzike. Alhamisi asahau.

Ikiwa dhamiri yako haikuruhusu, nina pendekezo la pili. Wafundishe watoto wote wa hapa wawe wa kwanza. Wote hamsini na mbili. Hapo hapatakuwa na bweni la kuwatosha, Serikali itaona bora skuli yenyewe iletwe Wingwi, na mahali pa kuijenga nipo tayari kuonesha, ni karibu na kwangu, ukisimama mlangoni unaona.

Nisalimie wazee wako na jirani zako wote, na wale watoto wa mkeka wa nyuma, ambao kwa kweli hawajanikosea kitu. Laila anakusalimu. Mama anakusalimu na anauliza aje lini.

Ni mimi, mzazi mwenye kulalamika kwa adabu,

Suud Hamzah Suud

Tanbihi: Nilipokuwa kwenye ile ratiba Raniya alikuja akasimama mlangoni: "Baba, wamwandikia nani?" Nikaziba karatasi kwa kiganja, na kabla sijajua nasema nini nikamjibu kwamba namwandikia Mwalimu Badriya, namwomba amuongezee na siku ya Ijumaa. Mwalimu, sijapata kumuona mtoto akifurahi vile. Alinibusu mkono, akatoka mbio kumwambia mama yake, kisha nikamsikia uani akimwambia Bi Tatu, "Baba kan'ombea Ijumaa!", kama kwamba nimemletea dhahabu. Kwa hiyo tafadhali iwe Ijumaa, baada ya alasiri, kuanzia wiki hii. Hayo ya juu usiyasome, na ikiwa umeshayasoma, basi nisitiri. Nitamleta mwenyewe, na kama sitakuwa mzigo nitakaa hapo nyuma mpaka mmalize. Kufika mtihani wa Novemba zimebaki Ijumaa kumi na tisa, nimezihesabu.