Salamu Moja, Shida Moja

Jamani, leo nimeumbuka. Tena bango la kuniumbua nimeliandika mwenyewe, kwa wino mwekundu.

Mnajua nafanya kazi ofisi ya chama cha wakulima wa kahawa hapa Nyabiyonza. Mkulima akija kuuliza jambo moja, anaanza na hali yako, ya mama yako, ya mvua, ya migomba, ya ng'ombe aliyezaa juzi. Akifika kwenye shida yake, foleni iko barabarani. Basi kwenye kikao cha wiki jana nikasimama (kiherehere changu hakijaanza leo) nikasema ofisi inahitaji utaratibu wa kisasa. Meneja akanipigia makofi. Nikabandika bango juu ya dirisha langu: SALAMU MOJA, SHIDA MOJA.

Dada Mwajuma, mhasibu wetu, alilisoma akaguna. "Haya bwana. Siku likikugeukia, usije kulia mezani kwangu."

Nikamwona mtu wa kizamani.

Leo asubuhi kaja mzee mmoja, koti safi, kofia mkononi.

"Shikamoo mzee. Shida?"

"Marahaba, mwanangu. Habari za hapa?"

"Nzuri. Shida?"

"Nyumbani hawajambo? Mvua imewafikia? Na migomba..."

"Nzuri zote kwa jumla, mzee!" (Nilijiona mchapakazi kweli.)

Akatabasamu. Akatoa mfukoni kifurushi cha jani kavu la mgomba, akakifungua taratibu. Kahawa ya kutafuna. Akaninyooshea kiganja. Sasa jamani, huku kwetu hata mtoto anajua: ukikaribishwa kahawa hiyo unapokea, hata kama huna meno. Mimi nikasema nini?

"Asante mzee, saa za kazi hatutafuni."

Kwenye ofisi ya kahawa! Watu wote kwenye foleni wakageuka kunitazama.

Mzee akafunga kifurushi chake. Akainua macho, akasoma bango neno kwa neno. "Mimi shida sina," akasema. "Nilileta salamu tu."

Mwajuma akaingilia haraka. "Shikamoo baba. Tuseme nani alikuja?"

"Mwambieni huyu kijana, baba yake Jesca wa Nyakakika alipita."

Uwiii! Jesca wangu! Jesca ambaye Jumamosi hii wazee wangu wanatoka Kyerwa kwenda kwao kujitambulisha! Huyo baba sijawahi kumwona hata kwenye picha. Kumbe alikuja kunichungulia mapema, ajue binti yake anaposwa na mtu wa namna gani. (Amejua.)

Nilitoka mbio, kiti kikaanguka. Nikamkuta nje, nikamshika mikono yote miwili. "Shikamoo baba! Nyumbani hawajambo? Mama je? Migomba? Ng'ombe? Majirani? Na ile kahawa, baba, naiomba!" Akanipa. Nikajaza mdomo, natafuna huku namuulizia hali ya kuku.

Mzee akanyoosha kidole kuelekea kwenye bango. "Moja, mwanangu," akasema kwa upole kabisa. Akapanda bodaboda, akaondoka.

Nikarudi ndani. Mwajuma alikuwa amelala juu ya meza yake, anacheka mpaka machozi. Hata pa kulia pakakosekana.

Mchana kutwa sikufanya kazi. Naangalia simu, naweka. Naangalia, naweka. Nikajua posa imeshaota mbawa, na kwa wazee wangu sijui ningeanzia wapi kueleza. Jioni hii ndipo Jesca akanitumia ujumbe:

"Baba kasema Jumamosi mje. Salamu zitaanza asubuhi, na atamsalimia kila mtu na mifugo yake. Shida yenu ataisikiliza jioni, kama salamu zitakuwa zimeisha."

Bango nimelibandua. Haya, nyie hamjambo? Nyumbani je? Migomba? Nijibuni kwanza, ndipo mcheke.