Hotuba ya Kuzindua Ushirika wa Sabuni na Mastaa wa Mutandao, Cimpunda

Muheshimiwa Mwakilishi wa Muheshimiwa ambaye angefika mwenyewe kama asingezuiwa na mukutano mukubwa kuliko huu. Waheshimiwa wakuu wa mitaa na wakuu wa avenu. Baba Padri, uliyetuazima mikro ya kusemea. Ndugu delege wa wamotari wa pikipiki. Papa mwenye jenereta. Bamaman wa Umoja wa Sabuni wa Cimpunda, mukiongozwa na maman Godelive, mwenye uwanja huu tuliosimama. Binti yetu Tatiana wa Nguba, anayeangaliwa katika simu za muji muzima. Kijana wetu Josué wa Kadutu, muchekeshaji. Mabibi na mabwana wa vyeo vyote, wenye viti na wasio na viti: itifaki yote izingatiwe, hata ile niliyoisahau.

(Makofi. Jenereta inakohoa, kisha inaendelea.)

Mimi, Marcellin Nshokano, Mukurugenzi na Muratibu wa Mradi wa Mukoa wa Ushirikiano wa Kimauzo baina ya Wazalishaji Wadogo na Mastaa wa Mutandao, nimesimama mbele yenu kwa unyenyekevu mukubwa ambao ni watu wachache wa ngazi yangu wanaouweza, ili nizindue rasmi mradi huu na kuwapa ripoti ya namna ulivyotekelezwa, kwa sababu katika uongozi wa kisasa mutu hasubiri jambo lianze ndipo alitolee ripoti.

Wengi munajiuliza afilieti maketingi ni kitu gani. Kwa lugha ya nyumbani ni hivi: kuna mutu mwenye kitu cha kuuza lakini hakuna anayemujua, na kuna mutu ambaye wote wanamujua lakini hana kitu cha kuuza. Unawaunganisha. Munuzi anapokuja akitaja jina la yule anayejulikana, yule anayejulikana anapata sehemu yake kwa kila kilichouzwa. Ningeweza kuishia hapo, lakini katika wokishopu niliyohudhuria hotelini waliieleza kwa siku nzima, pamoja na chakula, na sisi tuna wajibu wa kuheshimu viwango vya kimataifa.

(Sauti ya mwanamuke: “Endelea, papa.” Kicheko kidogo.)

Nilipotoka katika wokishopu hiyo sikulala juu ya maarifa yangu. Niliingia redioni na kutangazia mukoa kwamba kila muzalishaji mudogo atapewa staa wake wa mutandao, na kwamba mauzo yatapanda kwa kiwango ambacho wataalamu bado wanakitafutia namba. Siku hiyo maman Godelive alikuwa hapa hapa, anakata sabuni ya mafuta ya ngazi, yaani mawese, redio iko juu ya pipa. Alinisikia. Alikuja ofisini, au tuseme alinikuta njiani nikielekea ofisini, akaniuliza kama maneno ya redio ni ya kweli, maana wenzake walitaka kujua kama wapike sabuni ya kawaida au waongeze. Nikamujibu kama kiongozi anavyopaswa kujibu. Nilimwambia wapike, mastaa wako njiani.

Wakapika. Bamaman wa Umoja walitia katika mapipa mafuta yote waliyokuwa nayo na mengine waliyokopeshwa na wauzaji wanaowaamini, na sabuni ikakauka, ikapangwa katika chumba cha maman Godelive mupaka ikafika juu, watoto wake wakahamia kulala kwa jirani. Hayo, Waheshimiwa, ndiyo tunayoyaita uwezeshaji wa wananchi.

(Mutu anakohoa nyuma.)

Awamu ya kwanza ya strateji ilikuwa kumufikia ndugu Josué, ambaye vichekesho vyake vinapendwa kutoka Kadutu mupaka huko ambako sisi hatujafika. Nilimukuta akila maandazi karibu na soko, nikamupa maneno niliyomutungia mwenyewe, na kumuagiza asibadilishe hata nukta, kwa sababu mawasiliano ya serikali hayachekeshwi. Josué aliniuliza kwa heshima kama hakuna nafasi ya kutia maneno yake. Nikamueleza kwamba maneno yake yatapata nafasi katika mradi utakaofuata. Basi akasimama mbele ya simu yake na koti la kuazima, akaanza: “Kwa niaba ya Mukurugenzi na Muratibu wa Mradi wa Mukoa,” akaendelea na cheo changu, na elimu yangu, na semina nilizohudhuria moja baada ya nyingine. Video ikafika mwisho wa dakika zake kabla hajafikia neno sabuni.

(Kicheko kirefu. Josué anasimama na kuinama kwa heshima pande zote.)

Watu wengi waliiangalia, na fidbeki ilikuwa kubwa. Mutu mumoja aliandika akiuliza ni mazishi ya nani. Wengine walitoa rambirambi kwa familia. Nasema kampeni yoyote inayogusa mioyo namna hiyo haiwezi kuitwa imeshindwa. Isipokuwa sabuni, ndiyo, hiyo haikuuzwa, na maman Godelive alinipigia simu kunijulisha jambo hilo mara nyingi kuliko ilivyokuwa lazima.

Ndipo tukaingia katika awamu ya pili, yaani binti Tatiana. Wote mulimujua kabla yangu: ndiye anayeonesha mavazi, anayeonja vyakula vya muji huu, anayesema wazi kitu kikiwa kibaya. Wataalamu wanafundisha kwamba staa wa mutandao asogelewe kwa upole, umuandikie ujumbe mufupi, umueleze kwa nini umemuchagua yeye, umutumie bidhaa aijaribu kwanza. Mimi niliona njia hiyo haina uzito wa serikali. Nikamutumia konvokasio yenye muhuri, kwamba afike mbele yangu bila kukosa, kwa sababu atakazoelezwa papo hapo.

(Manung’uniko. Baba Padri anatikisa kichwa.)

Nakiri hapa kwamba vijana wetu bado hawajazoea uandishi wa kiutawala. Tatiana alipoipata karatasi ile aliamini anakamatwa kwa sababu ya jambo fulani alilosema katika simu. Alilia. Mama yake akamufungia mufuko, na asubuhi yake binti akapanda gari la mizigo kwenda Kamituga kwa shangazi yake Apolline, ambaye anauza chakula kwa wachimba dhahabu. Ile njia munaijua. Gari lilikwama, abiria wakashuka kusukuma, na staa wetu wa Nguba akasukuma pamoja nao, matope mekundu mupaka kiunoni. Alikaa kwa shangazi yake mupaka mujomba wake mumoja mwenye kujua mambo ya sheria alipouliza hapa na pale na kumuambia kwamba hakuna kesi yoyote, kuna Papa Marcellin tu.

(Kicheko. Makofi yanapigwa mahali ambapo hayakuombwa.)

Aliporudi, nilimutembelea mimi mwenyewe huko Nguba, nyumbani kwao, nikiongozana na papa Grégoire wa itifaki, ambaye munamuona pale amekaa karibu na bango. Tulipokelewa vizuri, tukapewa fanta. Nikaanza kueleza dira, dhima, na nguzo za mradi. Binti alinisikiliza mupaka mwisho, jambo ambalo si kila mutu amewahi kulifanya. Kisha akaniuliza sabuni yenyewe iko wapi. Nikamuambia iko Cimpunda. Akauliza nani anaipika. Nikamuambia ni walengwa. Akauliza walengwa wanaitwa nani. Hapo nikamueleza kwamba majina ya walengwa yanafuata mukondo wake. Aliweka gilasi chini, akasema neno ambalo nataka mulisikie kama alivyolisema, kwa sababu limeingia katika misingi ya mradi:

“Papa Directeur, miye siwezi kuambia batu sabuni iko muzuri na sijaifulia. Bananiaminia sababu sibadanganyake. Nikibadanganya mara moya, imeisha, hata weye hutanihitaji tena.”

(Makofi marefu. Tatiana anaangalia chini.)

Nilimaliza fanta, nikawaaga, tukarudi.

Sasa Waheshimiwa, naomba uvumilivu wenu, kwa sababu nafika kwenye mvua. Munakumbuka ile mvua iliyobomoa kuta kule chini. Hapa kwa maman Godelive ilipitia kwenye manjanja, yale mabati ya paa, na kuteremuka juu ya sabuni. Nilikuja kukagua athari, kama kazi inavyonitaka. Nilikuta bamaman wa Umoja wako uwanjani, hawakai pamoja, kila kundi na kona yake, wakisema wazi kwamba wanataka kugawana kilichobaki na kila mutu aende njia yake, na kwamba Godelive ndiye aliyewaingiza katika jambo hili kwa sababu ya mutu wa redioni. Yeye maman Godelive alikuwa ndani, anatoa vipande vilivyolowana, kimoja kimoja, anavipanga juu ya mulango uliong’olewa ili vipate hewa. Aliniona mulangoni. Nilitegemea anitukane, na nilikuwa nimeandaa jibu la kiutawala. Hakunitukana. Alisema tu:

“Papa Marcellin, shika huku.”

Nikashika. Koti langu lile la bluu, ambalo wengi munalifahamu kwa sherehe, halikupona siku hiyo. Tulihamisha sabuni mupaka giza likaingia na hakuna hotuba iliyotolewa. Mukiona macho yangu yanang’aa sasa hivi, ni moshi wa jenereta unaokuja upande huu.

(Maman Godelive anafuta mikono kwenye kitenge chake.)

Kesho yake, bila konvokasio, bila itifaki, bila mimi, Tatiana alipanda pikipiki na kuja Cimpunda. Aliuliza kwa wauza makaa anakokaa maman wa sabuni, wakamuonesha. Katika mufuko wake alikuwa amebeba nguo zile za njia ya Kamituga, maana matope yale mama yake alikuwa ameshindwa kuyatoa kwa kila aina ya unga wa kufulia. Alikaa pale kwenye ndoo, akaomba kipande cha sabuni, akafua. Maman Godelive anasema walizungumza muda murefu kuhusu mambo mengine kabisa: Tatiana alimuuliza soda ya kupikia sabuni anapata wapi, sabuni inakauka kwa muda gani, kwa nini yake haiumizi mikono. Suruali ilipotoka safi, ndipo akatoa simu na kumuomba ruhusa ya kurekodi. Akaonesha tope lilivyokuwa, akaonesha paa lililovuja, akasema wazi kwamba vipande vingine mvua imeviharibu umbo lakini vinafua vilevile, na kwamba vile vilivyopondeka vitauzwa bei ya chini. Akataja nani anapika na yuko wapi. Cheo changu hakukitaja.

(Sauti: “Ilikuwa fupi.” Kicheko.)

Kisha wakakubaliana wao wawili, juu ya benchi: atakayekuja kununua aseme ametumwa na Tatiana, na Tatiana atapata chake kidogo kwa kila kipande, lakini siku sabuni itakapopikwa vibaya, atasema pia mbele ya watu. Maman Godelive aliifikiria hiyo kidogo, akakubali. Ndugu Josué aliposikia akaja naye, safari hii na maneno yake mwenyewe, akaigiza mutu anayefua koti la kiongozi huku kiongozi bado yuko ndani yake, na mimi nilicheka kwa kiwango kinachoruhusiwa.

Simu ya kwanza ilitoka Kamituga. Ilikuwa shangazi Apolline. Wachimbaji wa kule wanaishi ndani ya tope, na waliona ile suruali wakaelewa bila tafsiri. Wamotari wakaanza kubeba maboksi. Wauzaji wa mafuta wakalipwa chao, bamaman waliokuwa kwenye kona wakarudi katikati ya uwanja, ingawa wawili wao, tuseme ukweli, hawajarudi kuzungumza na mwenyekiti wao kama zamani, na jambo hilo hakuna mutandao unaoweza kulirekebisha. Chumba kimebaki kitupu na watoto wa maman Godelive wanalala kwao.

(Vigelegele. Bamaman wa Umoja wanasimama.)

Hii ndiyo impakti, Waheshimiwa. Hivi ndivyo mradi wangu ulivyobadilisha maisha. Nauliza, ni mukurugenzi gani mwingine aliyemufikisha staa wa Nguba katika tope la Kamituga kwa karatasi moja tu, na tope hilo likauza sabuni? Wengine wataiita bahati. Mimi naiita mupango ambao ulijificha mupaka ulipokuwa tayari.

Naomba sasa tuseme pamoja. Nikisema “Sabuni ya Cimpunda,” ninyi museme “Ijaribu kwanza.” Sabuni ya Cimpunda!

(Umati: “Ijaribu kwanza.”)

Nikisema “Staa wa mutandao,” museme “Asidanganye.” Staa wa mutandao!

(Umati: “Asidanganye.” Sauti moja inaongeza: “Na mukurugenzi pia.”)

Na mukurugenzi pia. Nakubali, iandikwe.

Nimalizie kwa shukrani. Namushukuru maman Godelive kwa uwanja, na kwa kuahirisha mupiko wa leo ili mimi nisimame hapa. Namushukuru binti Tatiana, ambaye hakuwahi kusaini nasi mukataba wowote, na ambaye nimemuomba asisaini. Namushukuru Josué kwa kichekesho cha koti. Na kwa namna ya pekee namushukuru papa Grégoire wa itifaki, aliyenivuta pembeni asubuhi hii, kabla ya kukata utepe, kunikumbusha kwa upole kwamba mradi tunaouzindua haujawahi kuundwa na mutu yeyote: hauna uamuzi uliosainiwa, hauna ofisi, hauna mufanyakazi, na mimi sijateuliwa kuuongoza. Nilimuuliza basi hii yote imefanywa na nani. Akaniambia niangalie waliokaa mbele.

Nimewaangalia. Kwa hiyo, kwa mamlaka ambayo sina, natangaza kwamba Mradi huu umekamilika salama, na kwamba kutokuwepo kwake kumekuwa na mafanikio makubwa. Nawashukuru bamaman kwa kuufanya, nawashukuru kwa kunialika, na papa mwenye jenereta, unaweza kuzima. Wanataka kuwasha mapipa.