Konrodi Zinazong'aa

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu bado yuko kwa wazazi wake. Kosa langu: kuifungua cherehani yake ili niipunguzie kelele. Sasa haina kelele kabisa. Haishoni pia.

Leo neema. Pikapu ya baba mkwe inagonga injini. Amesema ikipona, ataitumia kumrudisha binti yake na mizigo yake. Shemeji, fundi wa kweli, ataifungua Jumamosi. Jumamosi mbali! Nimejitolea. Baba mkwe ameguna. Nimechukulia kuwa ni ndiyo.

Jumanne, 4 Machi
Nimetoa konrodi zote, ile mikono ya chuma inayounganisha pistoni na krenki, mhimili unaozunguka chini ya injini. Kila moja ina kepu yake, nusu duara inayofungwa kwa bolti mbili. Nimeinua moja nikachungulia anga kupitia tundu lake. Mawingu yalipita polepole. Nikamwona mke wangu kiti cha mbele, kiwiko dirishani, ananiambia nisiendeshe kasi. Sijui nilikaa hivyo muda gani. Shingo inauma.

Kasoro moja. Fundi wa zamani alizigongagonga vidoti, kwenye konrodi na kwenye kepu. Uchafu mtupu. Nitazipiga tupa.

Alhamisi, 6 Machi
Vidoti vimekwisha. Kepu zote nimeziosha beseni moja, kwa mafuta ya taa. Zinang'aa kama vijiko vya wageni. Ipi ni ya ipi, sijui, lakini zote ni ndugu wa tumbo moja. Mke wangu amepita hapa uani kwao na ndoo. Hakusimama, ila alipunguza mwendo. Roho yangu kwatu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimefunga. Krenki haizunguki. Nadhani inaona haya.

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji amefungua tena. Akauliza alama ziko wapi. Nikamweleza, kwa fahari, habari ya tupa. Akaketi juu ya tairi, akashika tama. Kisha akasema kepu huchongwa pamoja na konrodi yake na haikubali nyingine, na vidoti ndivyo vilivyotaja nani wa nani. Sasa zitafutwe konrodi nyingine, seti nzima. Baba mkwe alininyang'anya spana.

Mke wangu akaokota konrodi moja, akaigeuza juani, akacheka. Tangu cherehani hajacheka mbele yangu. Niliumia kwa furaha. Halafu akasema atarudi gari likiwaka, si kabla.

Jumapili, 9 Machi
Siku tulivu. Nimefua shuka. Upande wake wa kitanda sijaulalia.

Gari likiwaka, amesema. Basi lazima nisaidie. Shemeji kaondoka na konrodi, lakini giaboksi aliyoishusha kaiacha uani kwa baba mkwe, peke yake, chini ya turubai. Injini wamenikataza. Giaboksi hakuna aliyeitaja.

Jirani ameniazima spana.