Nyusi Zangu na Farasi wa Shemeji

Jumatatu, 3 Juni
Ratiba ya mashindano ya sataranji imebandikwa ukumbini. Jumamosi, raundi ya kwanza: mimi, fundi cherehani, dhidi ya shemeji yangu kinyozi. Tena. Miaka mitatu mfululizo ananitoa mapema, kisha anawasimulia wateja mwaka mzima. Safari hii atajua hajui. Nitakwenda kunyolewa, nimchimbe taratibu. Kinyozi akishika mkasi, mdomo nao hufunguka.

Jumanne, 4 Juni
Nimenyolewa. Nikamuuliza, kama mtu asiyejali, siku hizi anaanza na kete ipi. Akasema farasi, siku zote farasi. Nikajikaza nisicheke, maana wembe ulikuwa shingoni.

Alhamisi, 6 Juni
Nimerudi kuhakikisha. Akauliza kimebaki nini cha kunyoa. Nikasema nyusi. Amezimaliza. Bado anasema farasi. Nimekariri hatua kumi na mbili za kumjibu, tena kwa bidii, hadi nikashona mfuko wa suruali ya mwalimu mkuu kwenye goti. Mke wangu amenionya kwamba huyo ni kaka yake, anamjua, na hajasema ukweli tangu aote meno. Nikamwambia si vizuri kumsema ndugu.

Jumamosi, 8 Juni
Hakuanza na farasi. Alisukuma askari wa pembeni kabisa, kisha akanitazama pale nyusi zilipokuwa. Sikuwa na mbinu nyingine, nikacheza zilezile nilizokariri, kwa mpangilio. Ya nne ilimpeleka malkia wangu mdomoni mwa farasi wake.

Hakumla. Alihisi mtego. Akashika kichwa, akanong'ona kwamba haiwezekani mtu mzima awe mjinga kiasi hiki, lazima kuna kitu. Akafikiri. Akafikiri tena. Muda wake kwenye saa ya mchezo ukaisha, mwamuzi akaninyanyua mkono.

Mke wangu alicheka hadi akakaa sakafuni. Shemeji naye akacheka, akanikumbatia, akaomba nimweleze ule mtego. Nikasema ni siri ya fundi. Sijawahi kuwa na furaha kama hii tangu nioe.

Jumapili, 9 Juni
Raundi ya pili nakutana na daktari wa meno. Mke wangu ananishauri nitumie wiki hii kujifunza kucheza. Amechelewa, nimeshapata miadi kesho saa tatu. Meno yangu ni mazima yote, ila nimesema la nyuma linauma. Nitamhoji polepole, akiwa ameniachamisha mdomo.