Koti la Bwana Harusi

Urbano hakuwahi kula kwa jasho lake, na alijivunia hilo kama wenzake wanavyojivunia digrii. Asubuhi hiyo alikuwa mgahawani Majengo, akinywa chai aliyonunuliwa na mtu mwingine, aliposikia mwanamke wa meza ya pili akinung'unika.

"Wenzangu wakiolewa wanapelekwa Zanzibar. Mimi nimeletwa Sumbawanga nipigwe na upepo."

Mumewe alikuwa amejikunyata ndani ya koti zito jeusi, kola ya manyoya imefika masikioni. Nje walikuwa wameegesha Prado nyeupe. Urbano aliitazama Prado, akamtazama mume, akamshukuru Mungu kwa kuumba wajinga.

"Samahani, shemeji," akavuta kiti bila kukaribishwa. "Zanzibar ya nini, na visiwa tunavyo hapa Rukwa, kule Kipili ziwani? Mchanga mweupe, maji ya bluu, tena hayana chumvi. Ya Zanzibar yanaharibu ngozi."

Mume akajitambulisha kuwa Andwele, mfanyabiashara kutoka Mbeya. Mke aliitwa Suma.

"Kuna watu huko?" Suma aliuliza.

"Hakuna wa kuwasumbua. Labda boti za Kongo zinazotia nanga kupakia dagaa. Ni kisiwa cha kimataifa, shemeji."

Wakatazamana. Urbano akadhani ni mahaba.

"Na gari?"

"Gari halivuki maji, bosi. Nitalitunza kama mboni ya jicho."

Hapo tuseme wazi alichokusudia: awamwage kisiwani, arudi na Prado, akaiuze Tunduma kabla hawajapata chombo cha kuwarudisha. Maisha yake yote Urbano alikuwa mtu wa kupewa lifti. Sasa na yeye angenunua gari lake, na watoto wa mjini wangemwamkia.

Fungate ikaanza vibaya, kama inavyostahili fungate ya kununua kwa tapeli. Ziwa lilichafuka, Suma akamtapikia mumewe viatuni. Injini ikazimika, bwana harusi akapewa kasia. "Hoteli" yenyewe ilikuwa kibanda cha wavuvi chenye kitanda cha fito, na mvua iliponyesha ilinyesha ndani kwanza. Dagaa walianikwa hadi mlangoni.

Urbano alikuwa ameandaa uongo wa kujibu kila lalamiko. Lalamiko halikuja.

"Pazuri sana," alisema Andwele, magamba ya samaki yamemganda nyweleni. "Patulivu."

Suma alikuwa amekumbatia begi ambalo hakuliachia hata wakati wa kutapika.

"Vipodozi," alieleza.

Urbano alimdharau mpaka akamhurumia. Mtu anakuja kwenye dagaa na vipodozi!

Wakati wa kuagana Andwele alimshika mkono. "Koti nimeliacha garini, kwa joto la huku siliwezi. Ukifika kule juu baridi ikikubana, livae tu, ndugu yangu."

"Mungu akubariki, bosi," alijibu Urbano, na kidogo aone aibu. Kidogo tu.

Alipopanda uwandani upepo wa Ufipa ulimpokea kwa makofi. Akavaa koti, akainua kola hadi masikioni, akajitazama kwenye kioo na kumwona tajiri. Mwizi mwenye akili angepita moja kwa moja kwenda Tunduma. Urbano alisimama Majengo, kwa sababu utajiri usioonwa na majirani una faida gani?

Nje ya mgahawa ule ule walikuwa wamekaa wakulima kama kumi, wamevaa nguo nyepesi za bondeni, wanatetemeka. Mama mmoja alisimama.

"Gari ndilo. Koti ndilo."

Wakamzunguka. Aliyesemea wote alikuwa Mzee Vitus wa Ilemba, kule bondeni, meno yakigongana.

"Leo umeshuka, tajiri."

"Shikamoo mzee. Kwani tunafahamiana?"

"Mpunga wetu wote umebeba, ukaahidi kulipa kesho yake. Uso wako hatukuuona. Mkeo ndiye alikuwa anashuka kupatana, wewe umejifungia garini na koti la manyoya, kwenye joto lile la Ilemba. Tukasema maskini, mgonjwa."

"Gari si langu, mzee."

"Tunajua. Mwenyewe kalikodisha, yuko njiani kutoka Mbeya kulifuata. Kama si wewe uliyelikodi, umelipataje?"

"Kwa mtu mmoja. Nimemwacha kisiwani."

"Umemwacha kisiwani, ukaondoka na gari lake?"

Kwa mara ya kwanza maishani Urbano alikuwa ameutafuta ukweli, akakuta una kifungo kama uongo. Akapiga simu ya Andwele. Haikupatikana. Ndipo alipozikumbuka boti za Kongo alizozisifia yeye mwenyewe, na vile vipodozi visivyoachwa hata kwa kutapika. Mpunga wa Ilemba ulishageuka noti ndani ya begi lile, na begi lilikuwa ng'ambo ya ziwa tangu jana.

"Vua," alisema Mzee Vitus.

Urbano akavua. Mzee akalivaa koti, akafunga vifungo vyote, akainua kola hadi masikioni, akafungua mlango wa mbele na kuketi. Wenzake wakajazana nyuma.

"Haya, tajiri, washa gari," alisema. "Tupeleke polisi."